Peni Moja kwa Ratili

Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika ghala la mkonge mjini Tanga. Kabla sijajua kusoma barua nilikwisha kujua kwamba peni moja kwa ratili ni pauni tisa, shilingi sita na peni nane kwa tani. Nilijifunza jioni barazani, yeye anakunywa kahawa, mimi nimekaa kwenye ukingo wa mkeka, kama wenzangu walivyojifunza nyimbo za kuruka kamba.

“Peni moja, mwanangu?”

“Tisa, sita, nane, Baba.”

“Mbili?”

“Kumi na nane, kumi na tatu, nne.”

“Tatu?”

“Ishirini na nane kamili!”

Hapo kwenye ishirini na nane ndipo nilipopapenda. Masalio yote ya shilingi na peni yalikuwa yamejikusanya yakawa pauni nzima, hapakubaki kitu mkononi. Baba alitabasamu kila tulipofika hapo, ingawa hesabu yenyewe alikuwa ameifanya mara maelfu.

Kwa msomaji aliyezaliwa juzi, nieleze. Pauni ya Kiingereza ya zamani ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa na peni 12, kwa hiyo pauni moja ilikuwa peni 240. Ratili ni kipimo cha uzito, karibu nusu kilo, na tani ya Kiingereza ilikuwa ratili 2,240. Ukiuza mkonge kwa peni moja kila ratili, tani nzima ni peni 2,240. Gawa kwa 240 upate pauni 9 na peni 80 zilizobaki, na peni 80 ni shilingi 6 na peni 8. Siri ni hiyo tu. Lakini Baba hakuwa akigawa. Alikwisha kuzikariri ngazi zote, mpaka za nusu peni na robo peni, akizipanda na kuzishuka kama mtu anayekwenda chooni kwake gizani.

Alihitaji kuzijua kwa sababu alisimama katikati ya pesa mbili. Mkonge wa Tanga ulipimwa kwa tani za Kiingereza, na bei yake ilitajwa London kwa pauni. Wakata mkonge na wapakizi walilipwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, na shilingi hiyo haikuwa na peni hata moja. Ilikuwa na senti 100.

Jambo hili huwashangaza hata wazee wenzangu nikiwakumbusha. Sisi tuliotawaliwa tulihesabu kwa mia miaka mingi kabla ya waliotutawala. Bibi yangu mzaa baba alikuwa bado akisema “hela” kwa maana yake ya asili, ile sarafu ya Mjerumani. Zamani rupia ilikuwa na pesa 64, na mwaka 1904 Wajerumani wakaibadili huku kwetu iwe na hela 100. Waingereza walipochukua nchi wakaleta florini kwa muda mfupi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja shilingi ya senti 100. Ng'ambo ya Unguja walibaki na rupia mpaka 1936. Kwa hiyo mtoto wa Tanga wa miaka ya 1950 alikwenda dukani na senti kumi yenye tundu katikati, akanunua, akarudishiwa chenji, wala hakuhitaji kujua mara kumi na mbili. Shuleni ndipo alipokutana na kumi na mbili.

Kitabu chetu cha hesabu kilitoka Uingereza. Ndani yake mtu mmoja alikuwa akinunua yadi tano na robo tatu za kitambaa kwa shilingi tatu na peni nne na nusu kila yadi, na sisi tulitakiwa kusema amelipa ngapi. Nyuma ya daftari palichapwa vipimo: inchi 12 futi moja, futi 3 yadi moja, yadi 1,760 maili moja, wakia 16 ratili moja, ratili 14 stoni moja, painti 8 galoni moja. Wenzangu wengi walivichukia. Mwalimu alivichapia fimbo, na kitu kilichoingia kwa fimbo hakikai kwa amani. Mimi sikuvichukia, kwa kuwa nilivikuta vinafanana na vya nyumbani.

Mama alipima mchele kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Karafuu na pembe za hadithi za wazee zilipimwa kwa frasila, na frasila ni ratili 35. Kanga ni doti. Wari moja ni mikono miwili, pima moja ni mikono minne. Hakuna aliyeuliza kwa nini si kumi. Kila kitu kilikuwa na namba yake kwa sababu kila kitu kilishikwa kwa namna yake: nguo kwa mkono ulionyooshwa, nafaka kwa chombo, maji kwa debe. Kila mtu anaijua methali ya haba na haba, lakini nikiwauliza vijana kibaba kinaingia mara ngapi kwenye pishi, wananitazama tu. Inaniuma kidogo, nakiri. Methali imebaki na chombo chake kimepotea.

Kuhusu debe, kuna siku sitaisahau. Mwalimu alisema galoni moja ya maji ina uzito wa ratili kumi. Debe letu la mafuta ya taa, lile la bati, lilikuwa la galoni nne. Nikakaa kwenye dawati nikaelewa kwamba kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa nikibeba ratili 40 kichwani. Shingo yangu ilikwisha kujua, sasa nikajua na mimi. Niliporudi nikamwambia Mama. Akanyamaza, na tangu siku ile akanijazia debe robo tatu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelifikiria maisha yangu yote.

Mjomba alikuwa akisomesha faraidhi, elimu ya kugawa mirathi. Mafungu yaliyotajwa ndani ya Kurani ni sita: nusu, robo, thumuni (moja ya nane), theluthi mbili, theluthi moja na sudusi (moja ya sita). Siku moja Baba alikuja na pauni ya karatasi, akaiweka mkekani, akamwambia Mjomba: “Gawa hii, Shekhe.” Kisha akanigeukia mimi: “Na wewe mfuate kwa peni.”

Mjomba akataja, mimi nikajibu. Nusu, shilingi kumi. Robo, shilingi tano. Thumuni, shilingi mbili na peni sita. Theluthi, shilingi sita na peni nane. Theluthi mbili, kumi na tatu na peni nne. Sudusi, shilingi tatu na peni nne. Hapakuwa na fungu hata moja lililobaki na kipande. Halafu Baba akaweka shilingi yetu ya senti 100 na kusema tuigawe hiyo. Nusu na robo zikakubali. Thumuni ikatoka senti 12 na nusu. Theluthi ikakataa kabisa, senti 33 na kitu kisichokwisha.

Mjomba akaitazama ile shilingi muda mrefu.

Peni 240 zinagawanyika bila kubakiza kwa namba 20. Mia inagawanyika kwa namba 9 tu, na tatu haimo. Wanaosema kwamba pesa ya zamani ya Mwingereza ilikuwa ujinga mtupu hawajawahi kuwa na watoto watatu na pauni moja. Asili yake ni ratili ya fedha iliyokatwa sarafu 240. Watu wale walitaka kugawana, na walichagua namba inayogawika. Hata neno letu thumuni, tulilolitumia kwa senti 50, ni neno la Kiarabu la moja ya nane, lilibaki kutoka enzi za sarafu ya riale. Na Waingereza nao walikuwa na sarafu iliyokuwa moja ya nane ya pauni, nusu krauni, ile ya shilingi mbili na peni sita. Watu wa bahari mbili tofauti wakitafuta kugawana kwa haki wamefika kwenye fungu lile lile.

Nilikwenda Uingereza mwaka 1967 kusomea uuguzi, katika mji wa Leeds. Nilikuta peni kubwa za shaba zenye uso wa Malkia Victoria, zimelika mpaka sura yake imekuwa kivuli, bado zinanunua mkate miaka zaidi ya 60 baada ya yeye kufa. Robo peni ilikwisha kuondolewa mwisho wa 1960, jambo lililonihuzunisha maana nilikuwa nimezikariri bure. Sokoni Kirkgate bei ziliandikwa kwa mkwaju, 2/11, yaani shilingi 2 na peni 11, na wauzaji walipenda sana peni 11 ili mtu asione shilingi ya tatu. Wauguzi wenzangu kutoka nchi nyingine walihangaika. Mimi nilisimama mbele ya muuza vitambaa, mama wa makamo, akaniambia bei ya yadi, nikamjibu jumla ya yadi nne na nusu kabla hajachukua penseli. Aliita mwenzake aje asikie tena.

Mbinu zilikuwa nyingi na nilizipata zote kwa Baba. Kitu kimoja kikiwa peni 7, dazeni ni shilingi 7. Bei ya kimoja kwa peni ndiyo bei ya dazeni kwa shilingi. Kitu kimoja kikiwa shilingi, ishirini ni pauni. Ukiweka akiba peni moja kwa siku, mwaka ni pauni moja, shilingi kumi na peni tano, kwa kuwa siku 365 ni 240 na 120 na 5. Nilimfundisha hiyo mhudumu mmoja wa usafi wodini, akaanza kuweka kweli.

Wodini lakini mambo yalikuwa mengine, na hapa sitaki kuupamba wakati ule. Dawa zilipimwa kwa greni, kipimo kilichoanzia kwenye punje ya shayiri. Aspirini ilikuwa greni 5, na ndiyo sababu mpaka leo kidonge chake cha kawaida kule ni miligramu 300. Greni tano zimo ndani yake zimevaa nguo mpya. Mofini ilikuwa greni robo au greni moja ya sita. Miaka ile hospitali zilikuwa zinahama kwenda kwenye miligramu, na kabati moja la dawa lilikuwa na chupa za lugha mbili.

Usiku mmoja, saa tisa, niliandaa sindano ya mgonjwa aliyepasuliwa. Karatasi ilisema greni moja ya sita. Hiyo ni miligramu 10. Kichwani mwangu, kwa uchovu, ikapita robo, nikavuta miligramu 15. Sheria ilikuwa watu wawili waangalie kabla ya sindano kwenda kitandani. Muuguzi mwenzangu akasoma karatasi, akasoma sindano, akasoma tena karatasi. Hakusema neno. Akaweka kidole juu ya 1/6 akaniacha nione mwenyewe. Mgonjwa hakupata dhara, hakujua hata kidogo. Mimi sikulala siku mbili. Nilikuwa binti wa karani wa mizani, aliyejibu wauza vitambaa kabla hawajachukua penseli, na nilikuwa nimekosea sehemu ya sita na sehemu ya nne, mafungu niliyoyagawa mkekani nikiwa mtoto.

Miligramu zilipotawala kabati lote nilishukuru Mungu. Kwenye dawa sitaki kumbukumbu. Nataka namba moja isiyo na ndugu.

Pesa nayo ilibadilika Jumatatu, tarehe 15 Februari 1971. Mabenki yalifungwa tangu Jumatano iliyotangulia ili makarani wahamishe vitabu. Mabadiliko yalikuwa yameanza polepole: sarafu za peni mpya 5 na 10 zilitoka 1968, noti ya shilingi kumi ikaanza kuondoka 1969 ilipokuja sarafu ya peni 50, nusu krauni ikafuata mwisho wa mwaka huo. Siku yenyewe ilipofika pauni ilibaki pauni, lakini ndani yake mlikuwa na peni mpya 100, na shilingi ikawa peni mpya 5. Peni sita za zamani zikawa mbili na nusu. Kila duka lilikuwa na karatasi ya kubadilishia imebandikwa ukutani, na watu wamesimama mbele yake midomo ikitembea, kama waumini.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo na nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mtu mzima wa miaka sabini na zaidi. Chumba kilikuwa na mita ya gesi inayokula shilingi. Jioni ya Jumatatu ile alinigongea mlango. Alikuwa na pochi yake na daftari la matumizi ya nyumba, akaweka vyote mezani, akasema amekwenda kwa muuza nyama, amerudishiwa sarafu asizozijua, na hajui kama ameibiwa. Mikono ilimtetemeka. Mwanamke yule alikuwa ameendesha nyumba kwa shilingi na peni tangu akiwa bibi harusi, alipita vita mbili bila deni hata la robo peni. Asubuhi moja nchi yake ilimfanya mgeni mbele ya muuza nyama.

Nikaleta kutoka kwenye sanduku langu sarafu mbili tatu za nyumbani, pamoja na ile ya senti kumi yenye tundu. Nikamwambia kwetu shilingi ina senti mia, na nimehesabu kwa mia tangu nikiwa mtoto, siyo kitu cha kuogopa. Akaishika ile yenye tundu, akachungulia kupitia katikati yake kuelekea kwenye taa. Kisha tukakaa tukapanga. Shilingi yako ni tano. Mbili ni kumi. Ishirini ni mia. Tulirudia kama Baba alivyonirudishia mimi, peni moja, mbili, tatu, mpaka alipoanza kujibu kabla sijauliza. Muuza nyama alikuwa hakumwibia. Lakini kwa miezi kila nilipomtajia bei aliniuliza: “Na kwa pesa ya kweli?” Nami nilimjibu kwa pesa ya kweli.

Nilitaka kumwandikia Baba usiku ule ule. Haikuwezekana, wafanyakazi wa posta Uingereza nzima walikuwa kwenye mgomo tangu Januari, na barua hazikutembea kwa wiki saba. Barua niliyoiandika ilikaa mezani mpaka Machi. Nilimweleza yote, mita ya gesi, muuza nyama, bibi na sarafu yenye tundu. Mwisho nikamwandikia: peni moja kwa ratili, Baba, kwa peni mpya, ni pauni 22 na peni 40 kwa tani.

Jibu lilikuja mwezi wa tano. Mwandiko wake ulikuwa ule ule wa vitabu vya ghala, umeinama kulia, saba zina mkato katikati. Salamu za nyumba nzima zilichukua ukurasa. Kisha akaniambia mashamba sasa ni ya serikali, kama nilivyojua, mengi yalitaifishwa tangu 1967, na kwamba ghalani wameleta mizani mpya ya kilo, na vijana wawili wamekuja wanaoiweza. “Pauni 22 na peni 40,” aliandika. “Nimeitazama, mwanangu. Namba ile ile ya ratili, nukta imesogea tu. Hiyo haina haja ya karani.”

Baba alikuwa na desturi ya kufunga kila barua kwa hesabu, na mimi nililazimika kuijibu katika barua yangu. Safari hii aliandika: tani tatu na handiredi saba, kwa pauni 71 na shilingi 10 kila tani.

Handiredi ni ratili 112, na 20 ndizo tani. Niliifanya nyuma ya bahasha, wodini, usiku, wagonjwa wamelala. Tani tatu ni pauni 214 na shilingi 10. Handiredi saba ni tano na mbili. Tano ni robo ya tani, pauni 17, shilingi 17 na peni 6. Mbili ni fungu la kumi, pauni 7 na shilingi 3. Peni 6 zikashuka peke yake. Shilingi 10 na 17 na 3 ni 30, pauni moja na shilingi kumi. Pauni 239, shilingi 10, peni 6.

Nikaangalia mara mbili, kama dawa, halafu nikaandika jibu juu kabisa ya barua, kabla ya Shikamoo.